Kashfa ya Mtu Wetu Isomwe Kama ya Mtu Wao

Ndugu zangu wasomaji wa Bujora na Kisesa, wa Magu, wa Mwanza mjini na wa mwambao wote wa Ziwa Victoria, nawaandikia kuhusu jambo tunalokutana nalo kila asubuhi tunapofungua redio, tunaposimama mbele ya meza ya magazeti, au tunapopokea picha ya ukurasa wa mbele kwenye simu. Kashfa za wanasiasa wetu haziandikwi kwa kipimo kimoja. Ya huyu huandikwa mwezi mzima kwa herufi kubwa nyekundu. Ya yule hupita kwa mistari minne ukurasa wa ndani. Wengi tunaliona hilo na tunalilalamikia. Leo nawaomba tuvuke lalamiko. Tuanze sisi wasomaji kutumia kipimo kimoja, kisha tuwadai wahariri wetu wafanye hivyo hivyo.

Mtu yule yule, mkataba ule ule

Chukueni kisa cha Richmond, ambacho watu wazima wengi bado wanakikumbuka. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa, tukaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Serikali ikaipa kampuni ya Richmond mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura. Kampuni ilishindwa kutimiza, mkataba ukahamia kwa Dowans, na maswali yakaanza. Septemba 15, 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Waziri Mkuu Edward Lowassa lilikuwamo. Bunge nalo likaunda kamati teule ya wabunge watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa Richmond. Ripoti iliposomwa Dodoma, Lowassa alijiuzulu Februari 7, 2008, na mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao wakaondoka. Lowassa mwenyewe alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumwita kumhoji.

Alibaki CCM miaka saba iliyofuata. Julai 2015 jina lake lilikatwa kwenye mchujo wa wagombea urais wa chama hicho, na Julai 28 akapokewa CHADEMA. Akawa mgombea urais wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40 ya kura zote. Dk. Slaa, aliyesoma orodha ya Mwembeyanga, alitangaza Septemba 1 mwaka huo kwamba anaachana na siasa za vyama. Machi 1, 2019 Lowassa akarudi CCM, akapokewa kwa shangwe.

Sasa tazameni kilichotokea kwenye kurasa na kwenye maikrofoni. Mpaka katikati ya Julai 2015, upande mmoja ulikuwa ukimwita fisadi bila kusita, na upande mwingine ukisema kuwa aliangukiwa na ajali ya kisiasa. Ilipofika Agosti, pande hizo zilikuwa zimebadilishana maneno. Waliomlaani wakaanza kuuliza: mbona hajawahi kufikishwa mahakamani? Waliomtetea wakaanza kuuliza: mtampaje nchi mtu wa Richmond? Kila upande ulikuwa na hoja. CHADEMA walisema tatizo ni mfumo, si mtu mmoja. CCM walisema chama kilikwisha kumwajibisha. Lakini jiulizeni: kati ya Julai 27 na Julai 29, 2015, kulitoka ripoti gani mpya kuhusu Richmond? Hakuna. Mahakama gani ilitoa hukumu? Hakuna. Kilichobadilika ni chama cha mtuhumiwa, na kalamu zikageuka pamoja nacho. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Na ukiacha kupenda, kengeza nalo huitwa chongo.

Kabla hatujawalaumu waandishi peke yao, tukumbuke kuwa kisa hiki hiki kina upande wa kutupa moyo. Ile kamati ya Richmond ilikuwa na mwenyekiti mwanachama wa CCM, na wajumbe wake wengi walikuwa wa CCM. Waliandika ripoti iliyomwangusha Waziri Mkuu wa chama chao. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu kutomhoji Lowassa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini hawakuuliza kwanza kama mtuhumiwa ni wetu au ni wao. Kwa hiyo jambo ninalowaomba linawezekana. Limeshafanyika hapa hapa nchini, na Watanzania wenzetu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa nasi tumo

Ni rahisi kuwanyooshea kidole watu wa Dar es Salaam. Turudi nyumbani. Aprili 2008, Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu baada ya gazeti la Guardian la Uingereza kuandika kuwa zaidi ya dola milioni moja zilikuwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, wakati wachunguzi wa Uingereza wakifuatilia ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa jambo hilo. Fedha hizo aliziita "vijisenti", na neno hilo likaenea nchi nzima. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara ile, na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka huo huo Chenge akachaguliwa tena, na mwaka 2015 akachaguliwa tena.

Mpiga kura wa Bariadi ana haki ya kumchagua anayemtaka, na mtuhumiwa ana haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hilo silipingi. Ninachouliza ni hiki: je, haki hiyo tuliyompa mwana wa Bariadi, tuliwapa na watuhumiwa wa Kilimanjaro, wa Pwani na wa Zanzibar waliotuhumiwa miaka ile ile? Au hao tuliwahukumu asubuhi kwa kichwa cha habari kimoja, na mchana tukasema mtu wetu anaonewa?

Mwaka 2014 likaja la Tegeta Escrow. Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilipeleka bungeni ripoti kuhusu mabilioni ya shilingi yaliyotolewa kwenye akaunti ya escrow Benki Kuu mwaka 2013. Miongoni mwa waliotajwa kupokea fedha kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira walikuwamo Chenge na Prof. Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini ng'ambo ya ziwa letu. Kila mmoja alitajwa kwa shilingi bilioni 1.6. Prof. Tibaijuka alieleza kuwa fedha zile zilikuwa mchango kwa ajili ya shule ya wasichana. Desemba 2014 Rais Kikwete alimwondoa uwaziri, na Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu mwezi huo huo. Januari 2015 Prof. Sospeter Muhongo naye akaachia Wizara ya Nishati na Madini.

Kumbukeni tulichokizungumza vijiweni wakati ule. Prof. Tibaijuka alisema kuwa kiasi fulani alikitoa kwa ajili ya "mboga", na neno hilo likatembea kuliko ripoti nzima. Likawa kichwa cha habari, likawa katuni, likawa utani harusini. Wakati huo huo kulikuwa na swali zito: waliopokea fedha kupitia Benki ya Mkombozi walitajwa kwa majina na kwa viwango, lakini waliochukua kupitia Stanbic hawakuwekwa hadharani kwa namna hiyo. Swali hilo liliulizwa na wachache, likachoka, likalala. Tuliletewa cha kuchekesha nasi tukakipokea, na kigumu kikaachwa bila mwenyewe. Upendeleo wa vyombo vya habari una sura hiyo pia. Si mara zote mwandishi huandika uongo. Mara nyingi huandika kweli ya huyu mpaka ukurasa wa mwisho, na kweli ya yule akaiacha njiani.

Waliofia mahabusu

Iko kashfa moja ya kisiasa ambayo ni ya kwetu hasa, na vijana wetu wengi hawaijui. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwatafuta waliotuhumiwa kwa mauaji. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa si yeye aliyetesa. Waziri Peter Siyovelwa na wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, nao wakaachia nafasi zao.

Mzee Mwinyi alirudi kwenye uongozi, akawa Rais wa nchi kuanzia 1985 hadi 1995. Alifariki dunia Februari 29, 2024, na vyombo vingi vya habari vilikumbusha kujiuzulu kwake kama mfano wa uwajibikaji. Ni haki yake kabisa. Lowassa alikuwa amefariki Februari 10 mwaka huo huo, chini ya wiki tatu kabla. Kwake yeye sifa zilizotawala ni shule za kata, na Richmond ikaguswa kwa ncha ya kidole. Msibani hatumsemi marehemu vibaya, na hiyo ni mila njema. Lakini matanga yakiisha, historia inabaki na kazi yake, na kazi hiyo ni kueleza yote.

Linalonigusa zaidi ni hili. Kisa cha mwaka 1976 kinasimuliwa kama habari ya waziri aliyejiuzulu. Waliokufa walikuwa baba na babu za watu wa mikoa hii, wakulima na wafugaji, na majina yao hayasomwi popote. Kashfa yoyote ina mkubwa aliyeanguka na ina mdogo aliyeumia. Tukimwandika mkubwa peke yake tumetumia vipimo viwili hata kama tumemwandika kwa ukali. Na sisi wa huku, ambao ndio tulioumia, tunapaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba aliyeumia aandikwe: mgonjwa aliyekosa dawa, mwanafunzi aliyekaa chini, mkulima wa pamba aliyekatwa malipo.

Kwa nini kalamu huinama

Naomba tuwaelewe waandishi wetu kabla ya kuwadai, kwa sababu dai lisilo na uelewa huwa tusi tu. Kwanza kuna mwenye chombo. Uhuru ni gazeti la CCM, na halijawahi kuficha. HabariLeo na Daily News ni ya serikali. Tanzania Daima lilihusishwa na familia ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA. Radio Free Africa na Star TV, vyombo vilivyozaliwa hapa hapa Mwanza na ambavyo tunavipenda kama vya nyumbani, vilianzishwa na Dk. Anthony Diallo, aliyepata kuwa mbunge, waziri na mwenyekiti wa CCM wa mkoa. Kumiliki chombo na kuwa na chama si kosa. Kosa ni msomaji kutojua anakula chakula cha nani.

Pili kuna matangazo, na serikali na taasisi zake ni wateja wakubwa. Tatu kuna rungu la sheria, tangu Sheria ya Magazeti ya 1976 hadi Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. MwanaHalisi lilifungiwa miezi mitatu mwaka 2008, likafungiwa tena 2012 na tena 2017. Mwaka 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Mawio lilifungiwa 2017 baada ya kuchapisha habari ya mikataba ya madini yenye picha za marais wastaafu. Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni 2020. Februari 2022 serikali iliyafungulia magazeti manne, MwanaHalisi na Mawio yakiwamo, na ilikuwa hatua njema.

Nne kuna hatari ya mwili. Januari 2008 Saed Kubenea wa MwanaHalisi alimwagiwa tindikali ofisini kwake. Septemba 2, 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, akiwa kazini, na askari polisi akatiwa hatiani. Novemba 2017 Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, alichukuliwa, na mpaka leo familia yake inasubiri. Huyu alikuwa mwandishi wa kujitegemea, mmoja wa wale wanaolipwa kwa habari iliyotoka, na ndio wanaobeba habari nyingi za mikoani. Mtu wa namna hiyo akipewa lifti kwenye gari la mheshimiwa na bahasha ya nauli mwisho wa ziara, tusishangae habari ikitoka tamu. Tumwonee huruma, na bado tumwambie kuwa anadaiwa kweli, na sisi ndio tunaomdai.

Umati si ushahidi

Kila Juni hapa Bujora, katika sherehe za Bulabo zinazofuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, tunawaona Bagika na Bagalu uwanjani. Vikundi hivi viliasisiwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19, na ushindani wao haujapoa. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, ngoma zake na mbwembwe zake, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Utawaona watu wakikimbia kutoka duara moja kwenda jingine kila shangwe inapopanda. Kwa ngoma, kanuni hiyo ni nzuri na ina raha yake, maana ngoma ni ya watu. Lakini habari za kashfa nazo zimeanza kuamuliwa kwa kanuni hiyo hiyo: iliyovuta watu wengi ndiyo kweli, na isiyovuta haipo. Ukweli wa mkataba au wa hesabu hauongezeki kwa shangwe wala haupungui kwa kukosa watazamaji. Upo kwenye karatasi, kwenye ushahidi na kwenye majibu ya aliyetuhumiwa.

Na umati huo ni sisi. Simameni asubuhi pale Kisesa, pembeni ya barabara ya Musoma, mtazame magazeti yaliyobanwa kwa vibanio kwenye kamba. Watu wanane wanasoma ukurasa wa mbele, wawili wanabishana kwa sauti, mmoja ananunua. Waliobaki wanapanda daladala na bodaboda wakiwa na kichwa cha habari tu, na kufika mchana kichwa hicho kimekwisha kuwa habari kamili. Mhariri anajua hilo. Anaandika kichwa kwa ajili ya wale saba wasionunua, kwa sababu ndio watakaolitangaza gazeti lake bure.

Ninachowaomba

La kwanza, badilisheni jina. Ukisoma habari ya kashfa inayokufurahisha kwa kuwa mtuhumiwa ni wa upande usioupenda, isome tena ukiweka jina la mtu unayemheshimu. Je, ushahidi ule ule ungekutosha? Ukisoma utetezi wa mtu wako, uusome tena ukiweka jina la hasimu yako. Je, ungeukubali? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Zoezi hili halichukui hata dakika mbili, na litawabadilisha kuliko hotuba yoyote.

La pili, someni upande wa pili kabla ya kusambaza. Si lazima kununua magazeti mawili kila siku. Changaneni kijiweni, mmoja alete hili na mwingine alete lile, mlinganishe habari moja. Angalieni nani amenukuliwa, nani hakupigiwa simu, waraka gani umetajwa, na nini kimeachwa. Wazee mnaosikilizwa na walimu mnaofundisha Uraia, hilo ni somo la jioni moja linaloweza kumfaa kijana maisha yake yote.

La tatu, fuateni habari mpaka mwisho. Kashfa ikiwaka Aprili, iulizieni Oktoba. Kamati ilipendekeza nini? Serikali ilitekeleza lipi? Kesi iliishia wapi? Aliyesafishwa, je, amesafishwa kwa herufi kubwa zile zile alizochafuliwa nazo? Mtu aliyeonewa na gazeti ana haki ya ukurasa wa mbele kama ule uliomwumiza.

La nne, teteeni hata gazeti msilolipenda. Agosti 2021 gazeti la Uhuru lilisimamishwa siku 14 kwa sababu ya habari kuhusu Rais Samia na uchaguzi wa 2025. Wengi waliopiga kelele MwanaHalisi lilipofungiwa walinyamaza siku ile, kama vile wengi wa CCM walivyonyamaza lilipofungiwa MwanaHalisi. Gazeti likikosea, lisahihishwe, lishtakiwe, lilipe. Likifungwa mlango, anayepoteza ni msomaji, awe wa chama chochote.

La tano, andikeni. Mkiona upendeleo, mpelekeeni mhariri barua fupi yenye adabu: tarehe ya habari, kilichoandikwa, kilichoachwa, na ombi la masahihisho. Asipojibu, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, ambalo hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomruhusu raia kuiomba ofisi ya umma taarifa iliyo nayo. Haki zisipotumiwa husahauliwa.

La sita, tazameni karibu. Tunaijua Richmond kuliko hesabu za halmashauri yetu. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, kisha zinafikishwa bungeni. Imo ripoti ya Serikali za Mitaa, na halmashauri zetu zimo. Waombeni waandishi wa redio zetu wazisome kurasa zinazotuhusu, wamwite mkurugenzi ajibu, wamwite na diwani, awe wa chama tawala au wa upinzani, na wote waulizwe maswali yale yale. Upendeleo hauna pa kujificha mbele ya zahanati tunayoiona kwa macho.

Nanyi vijana mnaosomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, nawasemesha kama mzazi. Mtakutana na bosi mwenye chama, mtakutana na bahasha, mtakutana na simu ya usiku. Hatutaki muwe mashujaa waliokufa. Tunataka muwe waandishi walio hai ambao, wakishindwa kuandika kweli yote leo, hawatakubali kuandika uongo badala yake. Mkimwandika mtu wa kwenu kwa haki ile ile mnayomwandikia mgeni, sisi wa huku tutawalinda. Hatutawaita wasaliti. Hiyo ni ahadi inayotupasa, na kila mzee anayesoma hapa naomba aitamke mbele ya wanawe.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kiongozi tunayemfichia kosa kwa sababu ni wa kabila letu, wa dhehebu letu au wa chama chetu, ndiye atakayetutoa machozi sisi kabla ya wengine, kwa kuwa sisi ndio tulio karibu naye: barabara isiyokamilika ni yetu, na dawa isiyofika ni yetu. Tumpendao ndiye tumuulize kwanza.

Basi tuanze wiki hii. Chagueni habari moja ya kashfa, mbadilishe jina, msome upande wa pili, na mumwandikie mhariri barua moja. Kama ameandika kwa haki, mshukuruni kwa jina, maana anayetenda haki naye anahitaji kusikia kuwa tumemwona. Kama amependelea, mwambieni wazi. Kisha mwandikieni tena mwezi ujao, hasa siku ambayo mtuhumiwa atakuwa mtu wenu.